Usafiri wa anga wa kiraia nchini Tanzania

Usafiri wa anga wa kiraia nchini Tanzania ni mfumo wa sheria, taasisi, viwanja, mitambo, kampuni na wataalamu unaowezesha ndege zisizo za kijeshi kuruka, kutua na kupita katika anga la nchi hiyo. Unahusisha Tanzania Bara na Zanzibar, pamoja na sehemu ya anga la Bahari ya Hindi ambayo kituo cha Dar es Salaam kimekabidhiwa kuiongoza.

Tangu mwaka 2016 mfumo huo umepanuka kwa kasi: ndege mpya zimenunuliwa, majengo ya abiria yamejengwa na rada zimefungwa. Hata hivyo, mwaka 2025 Umoja wa Ulaya ulizizuia kampuni zote za ndege zilizosajiliwa Tanzania kuruka katika anga lake, ukitaja udhaifu katika usimamizi wa usalama. Hali hizo mbili zinaonyesha tatizo kuu la mfumo huu: vitu vinavyonunuliwa kwa fedha vimeongezeka haraka kuliko vile vinavyojengwa kwa miaka mingi, yaani wataalamu, ukaguzi na matengenezo.

Makala hii inaeleza historia ya mfumo, taasisi zake, nguvu zake na changamoto zake. Kanda ya Ziwa, pamoja na Malampaka katika Mkoa wa Simiyu, imetumika kama mfano wa jinsi mfumo huo unavyowafikia wananchi walio mbali na viwanja vikubwa.

## Historia

### Kipindi cha ukoloni

Safari za ndege za kimataifa zilifika Kanda ya Ziwa mapema. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Uingereza iitwayo Imperial Airways ilianzisha huduma ya kila wiki kati ya London na Mwanza, kupitia Misri, Sudan na Kisumu. Mwaka uliofuata njia hiyo iliendelezwa hadi Cape Town. Wakati huo reli kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza tangu mwaka 1928, ikipita Shinyanga na Malampaka.

Tarehe 1 Januari 1946 lilianzishwa Shirika la Ndege la Afrika Mashariki (East African Airways), lililomilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Makao makuu na karakana zake vilikuwa Nairobi.

### Baada ya uhuru

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 na kujiunga na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) mwaka 1962. Kwa kufanya hivyo ilikubali kufuata Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, ambao ndio msingi wa sheria za anga duniani. Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro ulifunguliwa tarehe 2 Desemba 1971.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na shirika la ndege la pamoja likafa nayo. Karakana zilibaki Nairobi, na chuo cha marubani kilichokuwa kimeanzishwa mwaka 1971 kilibaki Soroti nchini Uganda. Tanzania ililazimika kuanza karibu upya. Shirika la Ndege la Tanzania (Air Tanzania) liliundwa tarehe 11 Machi 1977.

Mwezi Februari 1982 ndege ya shirika hilo aina ya Boeing 737, iliyokuwa ikisafiri kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ilitekwa nyara. Ilipitia Nairobi, Jeddah na Athens kabla ya kutua Stansted nchini Uingereza. Watekaji walimtaka Rais Julius Nyerere ajiuzulu, hatimaye walijisalimisha.

### Mageuzi

Katika miaka ya 1990 soko lilifunguliwa kwa kampuni binafsi. Precision Air ilianza mwaka 1993 mjini Arusha. Mwaka 1999 uliundwa wakala wa viwanja vya ndege, ambao leo ni Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania (TAA). Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA) ilianza kazi tarehe 1 Novemba 2003 ikiwa chombo chenye sheria yake.

Air Tanzania yenyewe ilibinafsishwa mwaka 2002, Shirika la Ndege la Afrika Kusini lilipolipa dola za Marekani milioni 20 kwa asilimia 49 ya hisa. Ubia huo ulivunjika mwaka 2006 na serikali ikachukua tena umiliki wote. Desemba 2008 TCAA ililinyang'anya shirika hilo cheti cha uendeshaji kwa sababu za kiusalama. Safari zilirejea mwezi Januari 2009.

Ufufuaji wa shirika hilo ulianza Septemba 2016, wakati wa Rais John Magufuli, zilipowasili ndege mbili mpya aina ya Bombardier Dash 8 Q400. Zilifuata Boeing 787-8 mwezi Julai 2018 na Airbus A220-300 mwezi Desemba mwaka huohuo. Wakati wa Rais Samia Suluhu Hassan ziliongezwa Boeing 767 ya mizigo (Juni 2023), Boeing 737 MAX 9 (kuanzia Oktoba 2023) na ndege nyingine ya 787 (Agosti 2024).

## Taasisi

Majukumu ya usafiri wa anga yamegawanywa kati ya taasisi kadhaa:

* Wizara ya Uchukuzi hutunga sera. Chini yake kipo pia kitengo cha kuchunguza ajali za ndege.
* TCAA hutoa leseni na vyeti, hukagua kampuni, marubani na viwanja, na pia huongoza ndege angani.
* TAA husimamia viwanja zaidi ya 50 Tanzania Bara. Uwanja wa Kilimanjaro, uliokuwa chini ya kampuni ya KADCO tangu mwaka 1998, ulirudishwa kwa TAA mwaka 2023.
* Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar husimamia viwanja vya Unguja na Pemba.
* Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hutoa utabiri kwa marubani na waongozaji ndege.
* Wakala wa Ndege za Serikali (TGFA) umekuwa mmiliki wa ndege ambazo Air Tanzania (ATCL) imekuwa ikizikodi na kuziendesha.

Katika ngazi ya kanda, nchi wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki zina wakala wa pamoja wa usalama wa anga uitwao CASSOA. Ulianzishwa mwaka 2007 na makao yake yako Entebbe, Uganda. Kazi yake ni kuoanisha kanuni na kuwezesha nchi kuazimana wakaguzi.

## Jinsi mfumo unavyopimwa

ICAO haikagui kampuni moja moja. Hukagua kama serikali ina uwezo wa kuzisimamia kampuni zake. Ukaguzi huo hutazama mambo manane:

1. sheria ya msingi ya usafiri wa anga;
2. kanuni zinazotokana na sheria hiyo;
3. taasisi na majukumu yake;
4. wataalamu wenye sifa na mafunzo;
5. miongozo ya kiufundi, vifaa na taarifa;
6. utoaji wa leseni, vyeti na vibali;
7. usimamizi endelevu baada ya cheti kutolewa;
8. utatuzi wa kasoro zilizogunduliwa.

Mambo matatu ya kwanza yanaweza kutimizwa kwa kutunga sheria na kuunda ofisi. Matano yaliyobaki yanategemea watu na kazi ya kila siku. Nchi inaweza kuwa na kanuni nzuri zilizoandikwa vizuri, lakini ikakosa wakaguzi wa kutosha wa kwenda karakana, kufungua daftari la matengenezo ya ndege na kuuliza maswali yanayostahili.

## Nguvu za mfumo

### Jiografia na soko

Tanzania ni nchi kubwa yenye eneo la zaidi ya kilomita za mraba 940,000. Miji yake mikubwa iko mbalimbali: safari ya barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ina urefu wa zaidi ya kilomita 1,100, huku ndege ikichukua muda usiozidi saa mbili. Utalii wa Zanzibar, Serengeti, Ngorongoro na Kilimanjaro huleta wageni wengi wanaofika kwa ndege. Ndege za mataifa mengine zinazopita juu ya nchi hulipa ada ya kuongozwa.

### Miundombinu

Jengo la Tatu la abiria katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lilifunguliwa mwezi Agosti 2019. Lina uwezo wa kuhudumia abiria milioni 6 kwa mwaka. Zanzibar nayo ina jengo jipya la abiria katika Uwanja wa Abeid Amani Karume. Uwanja wa Songwe, uliofunguliwa Desemba 2012, ulichukua nafasi ya uwanja wa zamani wa Mbeya. Uwanja wa Msalato mjini Dodoma umejengwa kwa msaada wa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ukiwa na njia ya kurukia yenye urefu wa kilomita 3.6.

### Uongozaji wa ndege

Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya anga la Tanzania iliongozwa bila rada. Rubani alitaja kwa redio mahali alipo na kimo chake, na mwongozaji akazitenganisha ndege kwa hesabu ya muda na kimo. Njia hiyo ni salama ikifuatwa kwa makini, lakini hulazimisha nafasi kubwa kati ya ndege na ndege.

Ununuzi wa rada ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliacha kumbukumbu mbaya. Serikali ilinunua mtambo kutoka kampuni ya Uingereza ya BAE Systems kwa pauni milioni 28. ICAO na Benki ya Dunia zilieleza kuwa bei ilikuwa kubwa mno na mtambo haukulingana na mahitaji ya kiraia. Mwaka 2010 BAE ilikiri kosa la kutotunza kumbukumbu sahihi za hesabu. Mwaka 2012 Tanzania ilirudishiwa pauni milioni 29.5, zilizotumika kununua vitabu na madawati ya shule za msingi. Wananchi walizipa fedha hizo jina la "chenji ya rada".

Mwaka 2017 TCAA ilisaini mkataba na kampuni ya Thales ya Ufaransa wa kufunga rada nne za kiraia: Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Kwa rada hizo mwongozaji huziona ndege kwenye skrini katika sehemu kubwa ya nchi, ikiwemo Kanda ya Ziwa.

### Kampuni ndogo na huduma za jamii

Mbali na ATCL na Precision Air, zipo kampuni zinazotumia ndege ndogo, kama vile Coastal Aviation na Auric Air. Ndege hizo, nyingi zikiwa aina ya Cessna Caravan, hutua kwenye viwanja vya changarawe au nyasi ambako ndege kubwa haziwezi kufika. Huwabeba watalii, watumishi wa serikali, wafanyabiashara na wagonjwa. Huduma ya madaktari wanaoruka ya AMREF, iliyoanza mwaka 1957 ikiwa na kituo Nairobi, imewafikia wagonjwa wa Tanzania kwa miongo mingi.

Kanda ya Ziwa imekuwa pia mahali pa majaribio ya ndege zisizo na rubani. Mwaka 2018 DHL, Wingcopter na shirika la maendeleo la Ujerumani GIZ zilitangaza matokeo ya majaribio ya miezi sita ya kupeleka dawa kutoka bara hadi Kisiwa cha Ukerewe. Safari ya kilomita 60 ilichukua wastani wa dakika 40.

### Mafunzo

Chuo cha usafiri wa anga cha TCAA (CATC) mjini Dar es Salaam hufundisha waongozaji ndege na wataalamu wengine. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji (NIT) kinafundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege na kimeanza kujiandaa kwa mafunzo ya urubani, kwa ufadhili uliohusisha mkopo wa Benki ya Dunia. Hatua hii inagusa pengo lililoachwa mwaka 1977.

## Changamoto

### Usimamizi wa usalama

Tarehe 16 Desemba 2024 Tume ya Ulaya iliiweka ATCL kwenye orodha ya kampuni zisizoruhusiwa kuruka katika anga la Umoja wa Ulaya. Kampuni hiyo ilikuwa imeomba kibali cha kwenda Ulaya na ikakataliwa kutokana na kasoro za usalama. Tarehe 3 Juni 2025 katazo lilipanuliwa kwa kampuni zote zilizopewa vyeti na Tanzania. Sababu zilizotajwa zilielekezwa kwa mdhibiti: upungufu wa wataalamu wenye sifa, taratibu dhaifu za kusimamia uendeshaji na ubora wa ndege, na kutofikia viwango vya kimataifa.

Katazo hilo halifungi safari za ndani wala za kwenda nchi zisizo za Umoja wa Ulaya, na ndege za Ulaya zinaendelea kuja Tanzania. Hata hivyo athari zake ni pana. Umoja wa Ulaya huwatahadharisha raia wake kuhusu kampuni zilizo kwenye orodha, na wakala wa utalii huko wana wajibu wa kuwaarifu wateja. Mtalii anayefika Kilimanjaro kwa ndege ya nje kisha akapanda ndege ndogo kwenda Serengeti huguswa moja kwa moja. Hivyo hata kampuni ndogo yenye rekodi nzuri hubeba mzigo wa udhaifu wa mfumo mzima.

Suala jingine ni la kitaasisi. TCAA ni mdhibiti na wakati huohuo ni mtoa huduma ya kuongoza ndege, kwa hiyo katika eneo hilo hujisimamia yenyewe. Hali ya namna hii ipo pia Kenya na Uganda. Wataalamu hushauri kazi hizo zitenganishwe, angalau kwa idara zinazojitegemea. Tena, serikali ni mmiliki wa ATCL na pia mwajiri wa wakaguzi wake. Ili mfumo uaminike, mkaguzi lazima aweze kuizuia ndege ya umma kama anavyoizuia ya mtu binafsi, kama ilivyofanyika Desemba 2008.

### Upungufu wa wataalamu

Kumwandaa mkaguzi wa ndege huchukua miaka mingi. Kwanza awe mhandisi au rubani mwenye uzoefu, kisha afundishwe ukaguzi, tena afundishwe aina mahususi ya ndege. ATCL ina aina kadhaa za ndege kutoka viwanda tofauti: De Havilland Canada (zamani Bombardier), Airbus na Boeing. Kila aina huhitaji marubani, wahandisi, vipuri na wakaguzi wake. Wenye uzoefu pia huvutwa na mishahara mikubwa ya mashirika ya Ghuba na kwingineko, ikiwa ni hasara kwa nchi iliyowasomesha.

### Matengenezo na vipuri

Kuanzia mwaka 2022 ndege za A220 za ATCL zilikaa chini kwa vipindi virefu kutokana na kasoro ya injini za Pratt & Whitney. Kasoro hiyo ilizikumba kampuni nyingi duniani na haikusababishwa na Tanzania. Lakini kampuni yenye ndege chache huumia zaidi, kwa kuwa haina ndege za akiba. Safari huahirishwa au kufutwa, na abiria aliyepanga kufika Mwanza asubuhi hujikuta akilala Dar es Salaam.

### Fedha na madeni

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) zimeonyesha ATCL ikipata hasara mfululizo: takriban shilingi bilioni 35 mwaka 2021/22 na bilioni 56 mwaka 2022/23. Wanaoutetea uwekezaji huo husema faida yake isipimwe kwa hesabu za shirika pekee, bali pia kwa utalii na biashara unaouwezesha. Wanaoupinga husema fedha hizo zingeweza kupelekwa kwenye huduma nyingine za jamii.

Ndege za serikali pia zimekamatwa nje ya nchi kutokana na madai yasiyohusiana na usafiri wa anga. Mwaka 2017 Q400 ilizuiwa Canada. Agosti 2019 Airbus A220 ilizuiwa Johannesburg kwa madai ya mkulima aliyenyang'anywa ardhi Tanzania, ikaachiliwa mwezi uliofuata. Mwaka 2022 nyingine ilizuiwa Uholanzi kutokana na kesi ya kampuni ya Uswidi iliyokuwa na mradi wa sukari Bagamoyo. Matukio hayo yanaonyesha kuwa uamuzi unaofanywa katika sekta ya ardhi au kilimo unaweza kusimamisha ndege.

### Ushindani na nauli

Novemba 2012 kampuni ya fastjet ilianza safari kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa nauli za chini. Watu wengi waliokuwa wakisafiri kwa basi walipanda ndege kwa mara ya kwanza. Kampuni hiyo ilisimama Desemba 2018 ikiwa na madeni. Precision Air, iliyouza hisa zake katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2011, nayo imepitia miaka ya hasara. Mafuta ya ndege, vipuri na ukodishaji hulipwa kwa dola, lakini tiketi nyingi za ndani hulipwa kwa shilingi. Shilingi inaposhuka thamani, gharama hupanda.

### Siasa za kikanda

Haki za kutua hutegemea makubaliano kati ya nchi. Mwaka 2020 Tanzania iliizuia Kenya Airways kwa wiki kadhaa, baada ya Kenya kutoiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi ambazo wasafiri wake wangeingia bila karantini ya UVIKO-19. Januari 2024 Tanzania ilitangaza tena kuzuia safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, kwa kuwa Kenya ilikuwa imekataa maombi ya ndege ya mizigo ya ATCL. Mgogoro huo ulimalizwa kwa mazungumzo ndani ya siku chache.

### Viwanja vya mikoani na uokoaji

Viwanja vingi vya mikoani vimekosa taa za kutulia usiku, uzio au magari ya kutosha ya zimamoto. Uwanja usio na taa hutumika mchana tu, kwa hiyo ndege haiwezi kufanya mizunguko mingi kwa siku. Uwanja usio na uzio huruhusu watu na mifugo kukatiza njia ya kurukia.

Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500, iliyotoka Dar es Salaam, ilianguka Ziwa Viktoria karibu na Uwanja wa Bukoba wakati wa hali mbaya ya hewa. Kati ya watu 43 waliokuwemo, 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili, na 24 waliokolewa. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi kwa mitumbwi na boti zao. Ajali hiyo ilifungua mjadala wa kitaifa: uwanja ulio ukingoni mwa ziwa unahitaji boti za uokoaji, wapigambizi na mazoezi ya mara kwa mara, sawa na unavyohitaji njia nzuri ya kurukia.

## Mfano wa Kanda ya Ziwa na Malampaka

Malampaka ni kata ya Wilaya ya Maswa katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na wenye makao makuu Bariadi. Ni mji mdogo wa stesheni ya reli kati ya Mwanza na Shinyanga. Wakazi wengi ni Wasukuma, na uchumi unategemea pamba, mpunga na mifugo.

Mkazi wa Malampaka anayetaka kusafiri kwa ndege hulazimika kwenda kwanza Mwanza kwa gari au treni. Uwanja wa Mwanza ndio mkubwa zaidi katika kanda, wenye njia ya kurukia ya zaidi ya kilomita 3. Kwa upande wa kusini kuna uwanja wa Shinyanga ulioko Ibadakuli, ambao uboreshaji wake ulipangwa pamoja na ule wa Tabora, Kigoma na Sumbawanga kwa mkopo wa Benki ya Uwekezaji ya Ulaya. Simiyu wenyewe umekuwa kati ya mikoa iliyofanyiwa upembuzi yakinifu wa uwanja, katika eneo la Igegu.

Mkoa huo hauko nje ya usafiri wa anga. Mashariki yake unapakana na Serengeti, ambako ndege ndogo za watalii hutua kila siku. Pori la Akiba la Maswa hulindwa pia kwa doria za angani. Januari 2016 helikopta iliyokuwa ikiwafuatilia majangili huko ilipigwa risasi kutoka chini, na rubani wake Mwingereza akafariki. Kwa hiyo mkazi wa Simiyu huziona ndege zikipita, lakini nyingi kati yake haziji kwa ajili yake.

Je, uwanja wa mkoa ungebadilisha hali hiyo? Pamba na mpunga ni mazao mazito yenye bei ndogo kwa kilo, na hayawezi kulipia nauli ya ndege. Yanafaa reli. Reli ya kisasa ya SGR kati ya Mwanza na Isaka, yenye kilomita 341 na ambayo jiwe lake la msingi liliwekwa Juni 2021, inapita Malampaka. Bidhaa inayofaa ndege katika kanda ni minofu ya samaki wa Ziwa Viktoria, ambayo huharibika upesi na huuzwa mbali; lakini mara nyingi imesafirishwa kwa malori hadi viwanja vya nchi jirani kwa kukosa ndege za mizigo za uhakika Mwanza.

Kwa abiria, faida kubwa ya uwanja wa karibu ingekuwa kusafirisha wagonjwa wa dharura, watumishi na watalii wanaoingia Serengeti kwa upande wa magharibi. Faida hiyo inategemea kuwepo kwa kampuni iliyo tayari kuruka, abiria wa kutosha na nauli inayolipika. Uwanja usio na safari hubaki kuwa malisho ya ng'ombe, na bado hudai gharama za kutunzwa.

Hali ya hewa ya ziwa ni jambo jingine la kuzingatia. Usiku upepo huvuma kutoka nchi kavu pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda na kuunda mawingu ya radi ambayo mara nyingi hudumu hadi asubuhi. Ndege za asubuhi za Mwanza, Bukoba na Musoma hukutana nayo. TMA ina rada ya hali ya hewa Mwanza inayosaidia kuyatambua mapema, lakini taarifa hiyo ina maana ikimfikia rubani kwa wakati na rubani akiwa na uhuru wa kuahirisha kutua bila kuogopa hasara ya kampuni.

## Mwelekeo

Ili nchi iondolewe kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya, ni lazima mdhibiti athibitishe kwa kumbukumbu na ukaguzi kuwa kasoro zimerekebishwa. Nchi nyingine za Afrika zimewahi kufanya hivyo: Msumbiji, kwa mfano, iliwekwa kwenye orodha mwaka 2011 na kuondolewa mwaka 2017. Kazi iliyohitajika haikuwa kununua ndege, bali kuajiri, kufundisha na kulipa vizuri wakaguzi, kuandika taratibu na kuzifuata.

Kwa Tanzania hatua zinazotajwa mara kwa mara ni kuongeza wakaguzi, kutenganisha udhibiti na utoaji wa huduma, kutumia wakaguzi wa pamoja wa CASSOA, kuimarisha mafunzo ya ndani, kupunguza aina za ndege na kuweka vifaa vya uokoaji viwanjani. Nyingi kati yake ni za gharama ndogo kuliko bei ya ndege moja kubwa, ila matokeo yake huchelewa kuonekana na hayana sherehe ya uzinduzi.

## Tazama pia

* Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania
* Air Tanzania
* Precision Air
* Uwanja wa Ndege wa Mwanza
* Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga
* Mkoa wa Simiyu
* Malampaka